Mto wa Kwenye Miwani

Benchi letu hapa Endasak limechongwa kwa ubao mmoja wa mtarakwa, na aliyelichonga ni babu yangu mzaa baba. Aliliweka likitazama mlima, ili mtu anywe kahawa huku akisoma mawingu. Baada ya lile tope la mvua kushuka kutoka mlimani, asubuhi moja tulilikuta limegeuzwa, linatazama ukuta wa duka la Marieta. Hakuna aliyeuliza limegeuzwa na nani. Tuliketi. Tunaoketi ni wanne: mimi, Hhando, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, Wolfgang, tunayemwita Kamati kwa kuwa hakuna kamati ambayo hajawahi kuwa mjumbe wake, na Onesphory. Yeye zamani tulimwita Msafara, maana siku za mnada alitembea nyuma ya mkewe Paskalina kama gari la pili. Tope lilimchukua Paskalina na hakuonekana tena. Jina lile tuliliacha, na Onesphory aliacha kulala usingizi.

Siku moja Onesphory alikuwa anatoka kituo cha afya, ambako wameleta miwani mikubwa ya kuonyesha picha. Marieta alimmiminia kahawa kabla hajaketi.

— Umerudi salama? alianza Redio. Macho yote mawili yapo?

— Yapo.

— Hivi kila siku wanakuonyesha nini humo ndani?

— Msitu. Mto. Ndege wanalia. Ukigeuza shingo unaona na upande wa pili.

— Na hiyo ndiyo dawa?

— Wanasema inatuliza mawazo. Asiyelala apate kulala.

Kamati alijifuta midomo.

— Mimi nilikuwa kamati ya afya, kitu hiki nakielewa. Kichwa chenye mawazo ni kama ghala lililojazwa mahindi mabichi, linapata joto. Wao wanakufungulia dirisha.

— Dirisha gani, Kamati? alidakia Redio. Ile ni mashine ya kunyonya! Mawazo yako yanapita kwenye waya, yanaingia kwenye simu ya nesi, jioni yamefika Dodoma.

— Haina waya, alisema Onesphory.

— Ndiyo mbaya zaidi. Ya waya ungeukata.

Tulicheka. Redio akapata nguvu.

— Kule Dirma kuna mtu aliivaa akaona majani mabichi mpaka kiunoni. Alipovuliwa akaanza kupiga mluzi, anaita kondoo wake watoke humo.

— Wakatoka?

— Usinikatize.

— Basi tuwavalishe ng'ombe, alisema Kamati. Kiangazi hiki ng'ombe wa kule Balangdalalu anatazama vumbi tu. Mvalishe, aone nyasi, atoe maziwa.

— Atakula nini? Picha?

— Mbona sisi tunakula ahadi na bado tunatembea?

— Ninyi wazee, alisema Marieta, mwacheni mwenzenu anywe.

Kamati hakumwacha. Alimsogelea, akashusha sauti.

— Onesphory, hiyo ni mbinu. Wanakuzoesha mto wa Ulaya, ili siku wakisema hameni mlimani, usiukumbuke wa kwako.

Onesphory aliweka kikombe chini.

— Najua si wa kwetu. Mawe yake ni meupe mno, na hakuna mahali watu wanapochotea maji.

— Sasa mbona unarudi kila siku? aliuliza Marieta.

— Nesi anasema mimi ni mgonjwa wake mzuri. Wengine wanaivua mapema, wanasema kizunguzungu. Mimi nakaa mpaka picha iishe, sitikisiki. Nafuata ukingo. Mbele kuna kona, kwenye kona kuna gogo limelala, maji yanapita chini yake. Nataka kuona nyuma ya gogo. Nageuza shingo, haifiki. Nimemwomba nesi asogeze picha mbele kidogo tu. Anasema haiwezekani.

— Nyuma ya gogo kuna nini? aliuliza Redio.

— Alikuwa amevaa kitenge cha njano.

Ndicho alichovaa Paskalina siku ya tope. Padre alimsomea misa, kanisa likajaa mpaka nje, lakini kaburi hakuna. Mimi ndiye ninayeulizwa na watoto wa hapa bibi fulani amelala wapi, babu fulani amelala wapi, na huwa nawaonyesha. Kwa Paskalina sina pa kuonyesha.

Kamati alikohoa.

— Ndugu yangu, korongo letu, lilikopita tope, liko hapo juu tu. Kama ni kutafuta...

— Lile siwezi kulitazama. Huo wa kwenye miwani ndio mto pekee ninaouweza.

Ndipo alipofika nesi Perpetua, aliyehamishiwa kwetu majuzi kutoka Bukoba. Alikuwa na begi begani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mzee Onesphory, nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Miwani inaondoka kesho, inapelekwa wilaya nyingine.

— Itarudi?

— Sijaambiwa. Lakini usiwe na wasiwasi, wewe umeendelea vizuri kuliko wote. Na ukikosa miwani, mlima unao. Mtu akikaa nje akautazama taratibu, ni dawa ile ile. Ninyi hapa mmejaliwa.

Aliinua macho, akautazama mlima juu ya vichwa vyetu. Halafu akatutazama sisi. Halafu akautazama ukuta.

— Samahani wazee wangu. Mbona mmekaa mnatazama ukuta?

Kamati alichungulia machicha ndani ya kikombe chake. Marieta aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Hapakutoka kitu, naye hakuliinua.

— Miwani bado ina chaji? aliuliza Onesphory.

— Ipo kidogo, mzee.

— Nivalishe.

Aliitoa begini, akamvalisha pale pale kwenye benchi. Onesphory alitulia, mikono juu ya magoti. Kisha shingo yake ikaanza kugeuka polepole, ikauacha ukuta, ikapita mlango wa duka, na kiwiliwili kikaifuata, mpaka uso wake wote ukawa umeelekea mlimani, miwani ikiwa bado machoni. Alijiinamisha mbele kidogo, kama mtu anayechungulia nyuma ya kitu.

Sisi tuliendelea kutazama ukuta.