Bahari ya Katandala

Mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo, nimekaa, kikombe mkononi, na asiyeamini aje Katandala aulize ni nani anayekaa ile ncha ya benchi inayotazama mashine ya kusaga. Ni mimi, Maili Nyingi, jina nililopewa kwa sababu niliwahi kuwa utingo wa lori na nchi hii naijua kona kwa kona. Asubuhi hiyo ulivuma ule upepo wetu wa mwezi wa saba, unaokuvua kofia ukakupaka unga wa mahindi ya watu. Spoki, fundi baiskeli, alikuwa anazungusha gurudumu lisilo na ubovu wowote. Mzee Loth, ambaye zamani alikabidhiwa kisima cha kijiji huko Mpui na tangu hapo kila jambo la maji duniani analiona ni la ofisi yake, alikuwa anasimama na kukaa kama mtu aliyekalia siafu. Yusto muuza kahawa anapuliza mkaa uliokwisha kukolea. Hakuna aliyetulia. Wote tulikuwa tunamsubiri Kornel.

Kornel ni dereva wa lori. Alipeleka mahindi pwani, akarudi na mke, Coleta, mzaliwa wa Bagamoyo. Yule binti alizaliwa na mawimbi yanasikika dirishani, akaletwa kwenye baridi yetu hii, akawa anavaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na bado meno yanagongana. Basi Kornel kwa mapenzi akamletea bahari sebuleni: tangi la kioo lenye taa, kidude cha kupasha maji, mfuko wa chumvi maalumu, na samaki watatu wa njano waliopanda basi kutoka pwani wakiwa kwenye mifuko ya plastiki. Wawili walishakufa. Na Coleta alikuwa amesema, bila ugomvi wowote: huyu wa mwisho akifa, napanda basi la alfajiri. Begi lilikuwa mlangoni. Nililiona kwa macho yangu.

— Huyo anakuja! alisema Spoki.

Kornel alikuja mbio, kikombe cha bati mkononi, amekifunika na kiganja. Midomo imempasuka, nikajua ni upepo.

— Vipi mgonjwa? aliuliza Mzee Loth.

— Amelalia ubavu, mzee. Anahema kama amepanda mlima. Onjeni upesi, nirudi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Kila asubuhi Kornel analeta maji ya tangi, kikombe kinazunguka benchi zima, kila mtu anatoa hukumu: chumvi imetosha au bado. Yusto akatugawia karanga zake, tukatafuna, tukaonja.

— Bado, alisema Spoki.

— Mimi naona kama maji ya kunawa, alisema Yusto.

— Bado kabisa, nikasema mimi. Bahari ya kweli inakukamata hapa kwenye koo. Mimi nimeioga, naijua.

Kornel akatoa mfukoni kipimo cha plastiki chenye mshale, kile alichopewa na aliyemuuzia tangi.

— Lakini hiki kinasema imezidi. Mshale umepita hata ile sehemu nyekundu. Umegota juu.

— Kaka, hicho kimetengenezwa kwa watu wa chini, alisema Spoki. Huku tuko juu, hewa nyepesi. Tairi likijazwa upepo kule bondeni, likifika huku linakuwa gumu kama jiwe. Sasa na mshale nao si umejazwa kulekule? Lazima upande. Ungekuwa haupandi ndio ningeshangaa.

— Acha fiksi, Spoki, alisema Yusto. Mshale una upepo gani?

— Wewe umeupasua ukaona hauna?

Mzee Loth akasimama, akakaa, akasimama tena.

— Sikilizeni. Mawese asubuhi huwaje? Si yanaganda? Kwa nini? Baridi. Basi na chumvi ni hivyohivyo, imelala chini ya tangi. Kornel anachota juu, anatuletea maji matupu. Mwanangu, ongeza chumvi mpaka hata huku juu ifike.

— Niliongeza jana, mzee. Na juzi.

— Ikalala pamoja na wenzake.

— Halafu kuna jambo jingine, alisema Kornel, na sauti ikashuka. Maji yanapungua. Kila nikiamka, yameshuka vidole viwili.

Spoki akalisimamisha gurudumu. Hata mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa kubadilisha mkanda.

— Yanavuja? niliuliza.

— Hayavuji. Sakafu kavu.

— Basi anakunywa, alisema Yusto.

— Nani?

— Samaki. Anakula chumvi, anapata kiu, anakunywa maji. Wewe ukila karanga zangu unafanya nini? Si unaagiza kahawa?

— Samaki wa urefu wa kidole anywe vidole viwili vya tangi zima? Angepasuka! alisema Spoki.

— Si ndio maana amelalia ubavu, mshikaji. Ameshiba.

— Na unajazia nini? aliuliza Mzee Loth kwa ukali wa ofisini.

— Maji ya chumvi, mzee. Nakoroga ndoo, najazia.

— Vizuri. Bahari inajaziwa kwa bahari. Usije ukamchanganyia na maji ya bomba, utamuua.

Nikaona watu wanapotea na mimi nipo. Nikaweka kikombe chini.

— Nyie wote mmekosea. Shida ni kwamba maji yamesimama. Kule Dar nilikaa ufukweni siku nzima nikaona: bahari inapanda na kushuka. Samaki amezoea kubembelezwa. Kornel, nenda kaniletee jeki ya lori. Tunaingiza chini ya meza, asubuhi tunapandisha tangi, jioni tunashusha. Na usiku mmoja kati yetu anakaa pale anatikisa.

— Wewe ukiwa unatikisa, Coleta atalala wapi? aliuliza Yusto.

— Atalala vizuri mno, atadhani yuko kwao!

Wakacheka, isipokuwa Kornel. Alikuwa anatazama upande wa nyumbani kwake. Alikunywa mwenyewe funda kutoka kwenye kile kikombe, akakunja uso, akafuta midomo ile iliyopasuka. Ndipo nikajiuliza ni mara ngapi kwa siku huwa anafanya hivyo.

— Kwa nini usimuulize mkeo? Yusto alisema.

— Nilitaka aikute iko tayari. Zawadi unamuuliza mtu namna ya kuitengeneza?

Hakumaliza vizuri, kwa sababu Coleta mwenyewe alikuwa ameshafika. Wanawake hawana kawaida ya kuja kijiweni kwetu, hivyo wote tulisimama, hata sijui kwa nini. Makoti yote mawili, kilemba, na macho ya mtu ambaye hakulala.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba mwanangu. Karibu.

— Shemeji zangu, hamjambo. Kornel, hicho kikombe nilikuwa nakitafuta.

Akakichukua, akanusa, akaonja. Alitema palepale, karibu alitemee gurudumu la Spoki.

— Mama yangu! Nani amesema haya ni bahari?

Kila mtu akamtazama mwenzake. Yusto, mtu wa biashara mpaka mwisho, akamnyooshea karanga. Coleta akatafuna moja, akaacha, akaitazama.

— Hizi unaziloweka kwenye nini?

— Maji ya chumvi, shemeji, ndipo nakaanga. Bila hivyo kahawa haitoki.

— Kwa hiyo mnatafuna hizi, ndipo mnaonja maji?

Nilisikia Spoki anameza.

— Sawa, alisema Coleta. Basi niambieni kimoja tu. Nani kati yenu amewahi kuonja bahari?

Spoki aliinama akaanza tena kuzungusha lile gurudumu. Mzee Loth akakumbuka kofia yake. Halafu, mmoja baada ya mwingine, macho yote yakanigeukia mimi. Na mimi, Maili Nyingi, niliyeioga, nikafungua mdomo. Lori letu lilikuwa linashushia mzigo Kibaha, Dar hatukufika. Kutoka pale hata harufu yake huipati. Nikafunga mdomo.

— Kahawa imekwisha, alisema Yusto, ingawa hakuna aliyeagiza.

Mzee Loth ndiye aliyejaribu kutuokoa.

— Lakini mwanangu, maji yanapungua kila siku, ndiyo maana tulishauri ajazie ya chumvi.

— Baba, maharage yakikaukia jikoni kwako, mama anaongeza maji au anaongeza chumvi?

— Maji.

— Kile kidude kinachemsha usiku kucha, na huu upepo wenu unakausha hata mate mdomoni. Maji yanaondoka, chumvi inabaki palepale. Nyie mnaongeza nyingine.

Kisha akamgeukia mumewe. Nilidhani atamsema. Alimshika kidevu, akaitazama ile midomo muda mrefu, mbele yetu sote, tukawa tunaangalia barabara.

— Umeyanywa mangapi haya? alimuuliza.

— Kila ulipolala.

Coleta alimshika mkono wakaondoka, na sisi nyuma yao, benchi zima. Kornel alipunguza maji ya tangi, Coleta akawa anamimina yasiyo na chumvi, taratibu, kikombe kwa kikombe, huku sisi tumejipanga ukutani kama wasimamizi wa harusi. Na mchana yule samaki aliinuka, akazunguka tangi zima, akaja kwenye kioo upande wangu, akanitazama.

Asubuhi iliyofuata basi la alfajiri liliondoka. Sisi tulikuwa kijiweni, hakuna anayetafuna kitu. Coleta akatokea na kikombe kilekile cha bati, koti moja tu mwilini, jingine amemvalisha Kornel.

— Sukutueni midomo kwanza, alisema. Haya. Leo ndiyo bahari yenyewe. Onjeni, ili siku nyingine mjue.

Mzee Loth alianza, kwa umri wake. Spoki akafuata. Kilipofika kwangu nilikishika kwa mikono miwili. Haikuwa kali kama nilivyokuwa nikiwasimulia watu miaka yote.

Haya yote niliyaona. Kimoja tu nimekiongeza, pale samaki alipoinuka. Hakuinuka. Alikufa jioni ileile, na taa ya tangi ikazimwa. Lakini begi sikuliona tena mlangoni, na wiki hii kuna mfuko wa samaki wawili unakuja kwa basi kutoka Bagamoyo. Aliyeagiza ni Coleta.