Maisha ya Nasr bin Mahfoudh, Aliyetayarisha Matrekta ya Barafu

Assalaam alaykum, wazee wangu, ndugu na majirani. Mimi ni Jaifar bin Mahfoudh, mwalimu wa skuli, na familia imeniomba niwasomee maisha ya kaka yangu, marehemu Nasr, niyasome yote hadi mwisho, kwa kuwa tangu tuzike mengi yanasemwa barazani juu ya dereva wake Hamdan, kwamba yeye ndiye aliyemuua, na yanasemwa mbele ya watoto.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, Ng'ambo, Unguja, akasoma huko hadi darasa la nane, na mwaka 1974 akamfuata mjomba wetu Denmark, akajifunza umakanika katika karakana ya mji, ambako kila mwaka kabla ya baridi walitayarisha matrekta madogo ya kuondosha theluji barabarani. Mwaka 1991 alikuja Maskati, akafungua gereji Wadi Kabir, na tarehe 6 Agosti 1993 akamuoa Bi Zakiya bint Hatem, wakakaa hapa Azaiba, wakaruzukiwa Balqees mwaka 1994 na Yaarub mwaka 1998.

Mwaka 2001 kampuni moja ya barabara ilimletea matrekta mawili madogo ya kijiji cha juu mlimani, ambako miaka mingine barafu hufunga njia, na mafundi wenziwe wakamwita Fundi Theluji, wakimpigia kelele huku jasho linawatiririka, “Nasr, tuletee basi kidogo tutie kwenye sharubati!” naye akiwajibu, “Subirini, nna wateja wa mlimani kwanza.” Kila Novemba alimwaga maji yote ya rejeta, akatia dawa ya kuzuia kuganda, akabadilisha oili nzito kwa nyepesi, akapima betri, akafunga koleo la chuma mbele na uzito nyuma, kisha akayavisha magurudumu minyororo, akimfundisha Hamdan taratibu, mpaka kijana akaweza kuifunga peke yake.

Mwaka 2003 alishikwa na ugonjwa wa moyo, daktari akamkataza kunyanyua vizito na kupanda mlima, naye akatii.

Mwezi huu, Hamdan alipokuwa akipandisha trekta la kwanza, aliongeza maji kwenye rejeta kila aliposimama, kama tufanyavyo sote hapa Maskati, ambapo kuipa mashine maji ni kuionea huruma, naye hakujua kwamba maji mengi huiondolea ile dawa nguvu. Alfajiri ya tarehe 14 Januari 2005 maji yaliganda, injini ikapasuka, njia ikabaki imefungwa, na upande wa juu alikuwako Bi Shaikha, mja mzito aliyekwisha shikwa na uchungu.

Kaka alipopata habari alipakia trekta la pili kwenye lori, Bi Zakiya akamshika mkono, akamwambia, “Baba Balqees, na moyo wako?” naye akamjibu, “Kosa ni langu, mama. Nilimfunza minyororo, sikumfunza maji. Denmark hapana mtu wa kuambiwa hayo.” Alifika, akafunga minyororo pamoja na Hamdan kwenye upepo wa baridi, njia ikafunguka baada ya alasiri, Bi Shaikha akateremshwa akiwa hai, lakini mtoto wake hakujaaliwa, na kaka alianguka kando ya gurudumu, akakata roho njiani kuelekea hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Hamdan, akiwa na umri wa miaka arubaini na minane.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu, majirani wa Azaiba waliopika na kutandika, mafundi wa Wadi Kabir waliochimba kaburi kwa mikono yao, na jamaa wa mlimani walioteremka kuja kumzika ilhali nao wana msiba wao.

Hamdan, mwanangu, umekaa pale penye viatu tangu juzi na hujatia kitu mdomoni. Umesikia alivyosema mwenyewe. Inuka, ingia ndani, Yaarub amekuwekea nafasi, na sinia halitafunuliwa mpaka ukae.

Mola amlaze kaka yetu Nasr pahali pema, ampumzishe kwa amani yake. Amin.