Edmund Kinunda, Dereva wa Mteremko wa Mbamba Bay

Baba Padri, Ndugu Meneja, wazee wetu shikamooni, na ninyi majirani wote poleni kwa msiba, familia imenituma mimi Vitalia, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya baba kabla hatujampeleka kaburini.

Marehemu Edmund Benno Kinunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 hapa Mapera, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1946 akawa utingo wa lori la misheni, na tarehe 2 Juni 1952 akapata leseni mjini Songea. Alifunga ndoa na mama yetu, Zita, tarehe 10 Oktoba 1953, wakajaliwa watoto watano, tumebaki watatu.

Mwaka 1963 kampuni ya uchukuzi ilimfuata nyumbani, kwa kuwa madereva wengi waliushuka ule mteremko mkali wa kona wa Mbamba Bay, unaoishia ziwani, mara moja tu, wakaacha kazi. Meneja alimletea bibi, mama yake baba, blanketi na sukari, akasema, "Mama, mwanao tutamtunza kama yai." Baba alidumu miaka kumi na moja, akipeleka kahawa Songea na mizigo ziwani, na kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimpandisha mbele, asipigwe na vumbi.

Januari 1973 alianza kukojoa damu, daktari akaona jiwe kwenye figo, akamtaka alazwe, apasuliwe, kisha apumzike miezi miwili. Aliomba ruhusa tarehe 5 Februari, Meneja akamjibu, "Edmund, nikikuachia wewe, nani atashuka?" Basi baba alimfundisha kijana Bernadi kona zote, miezi mitano, huku akiumwa, na Bernadi alipofaulu, kampuni ikampeleka njia ya Kitai, ikisema huku mteremkoni Edmund yupo. Baba aliomba tena Agosti, na tena Mei mwaka huu, watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa na malori hayatoshi, akaambiwa, "Mzee, dereva kama wewe hapatikani." Alitusimulia maneno hayo akitabasamu, nadhani yalimfurahisha kidogo.

Tarehe 6 Novemba 1974 alikwenda hospitali akiendesha lori lenye magunia ya kahawa, kwa kuwa aliruhusiwa kupitia tu akielekea Songea, na alipofika hakuweza kushuka mwenyewe. Daktari alisema figo zimeshindwa. Kesho yake Bernadi alitumwa afuate lori, lakini kwanza alikaa kitandani pa baba, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, mpaka baba akamwambia, "Nenda mwanangu, kahawa italowa." Alifariki jana, tarehe 8, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na masista, majirani mliotulimia mahindi kwa ngoro, kilimo chetu cha mashimo mlimani, mama Notburga aliyembeba mtoto wangu nikiandika haya, na madereva wenzake. Tunamshukuru Ndugu Meneja kwa lori lililomleta baba nyumbani, naye anaomba tusichelewe, maana saa nane linatakiwa Mbamba Bay. Bernadi aliliendesha polepole kwenye mashimo, kana kwamba baba anaumia bado, na tangu jana jioni ndiye aliyepangiwa mteremko.

Pumzika kwa amani, baba, Bernadi anaijua njia.