Mama Uhai Anakabidhi Dawati

Baada ya miaka thelathini na minane na miezi minne ya utumishi, Mama Uhai, msimamizi wa Dawati la Pensheni za Zamani, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Aliomba hafla isiwe na hotuba ndefu. Uongozi umepanga hotuba sita.

Kwa wageni wa idara: dawati hilo ni meza moja, kabati la chuma na benchi, mwisho wa korido, ukishapita choo. Linahudumia waliokuwa watumishi wa serikali ya kikoloni. Bendera ilipobadilishwa, sheria iliahidi kwamba pensheni zao hazitaguswa. Wengi wetu tuliiona ahadi hiyo kama pambo. Mama Uhai aliishika. Jina lake la utani limetokana na cheti cha uhai, karatasi ambayo kila mstaafu huileta mara moja kwa mwaka kuthibitisha kwamba bado yu hai. Anayechelewa, Mama humfuata hadi nyumbani kwa nauli yake mwenyewe, akiyalalamikia magoti njia nzima.

Msidhani ni mpole. Kalamu yake imefungwa mezani kwa uzi, ufunguo wa kabati hukaa kibindoni, na mimi binafsi niliwahi kununiwa wiki nzima kwa kukalia faili. Wakubwa watano, kila mmoja kwa zamu yake, walitaka kulifuta dawati kwa hoja kwamba wastaafu wale walikuwa vibaraka tu. Wote aliwajibu kwamba walikuwa makarani, wakunga na madereva wa greda, na kwamba barabara inayowaleta wakubwa kazini haikujichonga yenyewe.

Mwaka juzi ukaja mfumo wa kompyuta, wenye akili kuliko sisi sote, kwa mujibu wa waliouleta. Ulisoma tarakimu mbili tu za mwisho za mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa mwaka wa ishirini na nane wa karne iliyopita akahesabiwa wa karne hii. Barua ikatoka na muhuri juu, ikimwarifu kwamba pensheni yake imesitishwa kwa kuwa bado hajazaliwa, na kwamba anaweza kuomba upya tarehe hiyo ikifika.

Aliyeipata ni mkalimani wa zamani wa mahakama, babu anayetembelea fimbo mbili. Aliisoma mara mbili pale kwenye benchi.

"Mwanangu," alimwambia Mama Uhai, "nimetafsiri hukumu miaka kumi na minne, lakini hii sijui niitafsirije."

Babu alicheka, kisha akaacha kucheka, maana pensheni hiyo ndiyo dawa zake.

Wataalamu wa mfumo, walipoulizwa, wakajibu kwamba mashine haikosei. Mama Uhai akamshika babu mkono, akamwingiza kwenye chumba chao chenye kiyoyozi, akamkalisha kwenye kiti cha mkuu wao.

"Huyu ndiye ambaye hajazaliwa," alisema. "Mpeni chai isiyo na sukari. Tutasubiri azaliwe."

Kabla ya saa sita mchana babu alikuwa amezaliwa.

Wastaafu wa dawati wamebaki kumi na mmoja. Mwezi uliopita Mkurugenzi alitangaza kwamba Mama Uhai akiondoka, dawati linafungwa, kwani hakuna wa kulipokea. Maana yake, wazee hao wangeachiwa ule mfumo. Mama hakubisha, nasi tunaomjua tukaanza kuogopa. Jumatatu alimpelekea Mkurugenzi karatasi tano za hafla, zikiwemo orodha ya wageni, maombi ya viti na ya keki. Mkurugenzi akasaini zote bila kusoma, kama kawaida yake, ikiwemo ya tano, ambayo ni hati ya makabidhiano. Anayekabidhi: Mama Uhai. Anayepokea dawati, kabati na wastaafu wote, ana kwa ana, hadi wa mwisho wao atakapofariki: Mkurugenzi. Nakala iko kwa mwanasheria wa idara, na muhuri wa masijala niliugonga mimi, kwa raha zangu. Wasifu huu nao Mkurugenzi ameusaini vilevile.

Wazee wameshaarifiwa. Mkurugenzi anakaa ghorofa ya nne na lifti ni mbovu, kwa hiyo hati inasema atashuka yeye, kila atakapoitwa.

Mama, asante kwa yote, hata kwa kuninunia. Tunakupenda, na korido itapooza bila wewe. Nenda kapumzike, magoti yapone, na maisha yawe mema kwako na kwa wajukuu. Mkurugenzi wetu tunamtakia miguu imara.