Torgeir Mæland na Mapigo Thelathini na Moja

Torgeir Mæland alizaliwa Ijumaa tarehe 11 Machi 1960 huko Åkrehamn, kisiwani Karmøy. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Lars Olai, baharia, na Borghild, aliyefungasha samaki wa chumvi kiwandani. Novemba 1968 Lars Olai alipotea pamoja na meli ya mizigo katika Bahari ya Kaskazini. Tangu siku hiyo Borghild hakuruhusu mtoto wake yeyote aingie kwenye maji yanayopita magoti, na Torgeir, mwana wa baharia, alitimiza miaka ishirini na mitano bila kujua kuogelea.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kisiwani kuanzia 1967 hadi 1976, kisha akajiunga na shule ya ufundi Haugesund na kuhitimu uchomeleaji Juni 1979. Katika chumba cha chini cha shule hiyo ndimo alimoanza kunyanyua vyuma. Aliingia mwembamba kama ufito. Alipohitimu, mama yake alilazimika kumshonea shati jipya, kwa kuwa madukani hakupatikana lililomtosha shingoni.

Kwa miaka arobaini na mitatu, kuanzia Agosti 1979 hadi Desemba 2022, alichomelea meli katika karakana moja ya Haugesund, kumi na mitano ya mwisho akiwa msimamizi. Alikuwa mkali kwa kazi mbovu na mpole kwa aliyeifanya. Hakuwahi kupeleka mtu ndani ya tangi ambalo hajaingia yeye kwanza.

Alikutana na Oddny Sævik Januari 1986 kwenye bwawa la kuogelea la mji, ambako Oddny aliwafundisha watu wazima. Torgeir aliingia majini na mabega kama ya fahali, akashikilia ukingo kwa mikono miwili.

“Achia ukingo, bwana,” Oddny alimwambia.

“Nikiachia nitazama.”

“Utazama, ndiyo. Mimi nitakutoa.”

Alizama, akatolewa, akazama tena, hadi wanafunzi wenzake wakambatiza jina la Nanga. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Juni 1988. Mungu aliwajalia Jostein mwaka 1990 na Synne mwaka 1996.

Mwaka 1991 alijiunga na chama cha triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Wakati huo wanachama waliamini kwamba misuli ni mzigo, na mtu anayenyanyua vyuma anajitwika kilo za kubeba bure kwa kilomita nyingi. Torgeir hakubishana nao. Alifungua banda la mashua la mjomba wake na kuweka vyuma humo, akapanga wiki yake kwa chaki ukutani: Jumanne na Ijumaa uzito mkubwa, kunyanyua mara tano tu kwa mkupuo, kisha nusu siku ya kupumzika kabla ya kugusa baiskeli, na mbio ndefu kamwe zisifuate siku ya vyuma vya miguu. Katika mashindano ya Julai 2004, zilipobaki kilomita kumi za mwisho, waliomcheka walikuwa wamepinda migongo kama ndoana. Yeye aliwapita akiwa wima. “Haya, Nanga hiyo inapita,” mmoja wao alisema, na wiki iliyofuata alikuwa bandani anauliza aanze na kilo ngapi.

Chama hicho kina desturi ambayo familia imeomba itajwe hapa. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya mazoezi, wanachama husema hvilepuls zao, yaani mapigo ya moyo kwa dakika kabla mtu hajatoka kitandani. Mwenye namba ndogo kuliko wote hupigiwa makofi na kupewa wafeli ya kwanza, keki bapa inayokaangwa kwenye chuma cha moto. Namba ndogo ni heshima. Ni ushahidi kwamba moyo umefunzwa na hauna haraka. Torgeir aliila wafeli hiyo kwa miaka mingi, na mara nyingi Oddny ndiye aliyeikaanga.

Ugonjwa wake hauna tarehe ya kuanza, na hilo ndilo linalomtisha Oddny hadi leo. Oktoba 2022 mapigo yalikuwa thelathini na manane. Septemba iliyofuata, thelathini na manne. Novemba 2023 Torgeir alianguka bandani mara tu baada ya kuinuka na chuma mabegani. Alizinduka upesi, akacheka, akasema alibana pumzi kupita kiasi. Februari alishuka kwenye baiskeli katikati ya mlima, akasema miguu bado ina vyuma vya Ijumaa. Kila dalili ilikuta maelezo yake yamekwisha kuandaliwa. Moyo ukienda taratibu, ilikuwa stamina. Macho yakiingia giza, ilikuwa chuma. Mtu asiyefanya mazoezi ya aina yoyote kati ya hizo mbili angekwenda kwa daktari wiki ileile.

Oddny alianza kuhesabu mwenyewe kila asubuhi, vidole viwili shingoni mwa mumewe, macho kwenye saa. Kati ya pigo na pigo alipata muda wa kusikia friji ikinguruma jikoni. Alipata pia muda wa kujiuliza kama pigo linalofuata litakuja.

Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024 alimpeleka kwa daktari. Waliambiwa asinyanyue, asiogelee wala asiendeshe baiskeli hadi avalishwe kinasa cha mapigo, kifaa kidogo kinachobandikwa kifuani kuandika mwendo wa moyo kwa siku mbili, na miadi ikapangwa tarehe 13 Mei. Waliporudi garini Torgeir hakufunga mkanda. Alisema anaogopa.

“Unaogopa kufa?” Oddny aliuliza.

“Hapana. Wataniwekea mashine kifuani, niwe mzee wa kukaa dirishani.”

“Mimi namtaka huyohuyo mzee wa dirishani, Torgeir.”

Alifunga mkanda. Aliahidi kumtii daktari, na alitimiza ahadi kwa siku kumi na mbili.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 5 Mei Oddny alihesabu thelathini na moja. Alimsihi namba hiyo asiitaje chamani. Torgeir alisema anakwenda kunywa kahawa tu na wenzake. Lakini zamu ilipomfikia aliitaja, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia namba ndogo kama hiyo. Oddny alikuwa penye chuma cha kukaangia. Alimpa wafeli ya kwanza, kwa sababu watu wote walikuwa wakitazama. Baada ya dakika ishirini Torgeir alianguka karibu na baiskeli zilizoegeshwa. Wenzake walimkandamiza kifua kwa zamu bila kuacha, hadi gari la wagonjwa lilipofika. Alitangazwa kufariki hospitalini saa tano na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Jioni hiyo Synne alimwambia mama yake jambo alilokuwa amelificha: Machi yeye mwenyewe, aliyefuata mazoezi ya baba yake, alizimia mara mbili bandani, na mapigo yake ni thelathini na sita. Alisema ni vyuma tu.

“Mama, mbio ni Agosti. Wakinipima sasa watanizuia.”

“Maneno hayo nimeshayasikia,” Oddny alisema. “Niliyaheshimu. Yako sitayaheshimu.”

Aliomba miadi ya tarehe 13 Mei isifutwe, bali ibadilishwe jina.

Torgeir ameacha mjane, Oddny, mwanawe Jostein na mkwewe Eldbjørg, wa Tromsø, wajukuu wawili, Aksel na Tuva, dada zake wawili, Gudveig na Målfrid, wanachama wenzake, na binti yake Synne, aliyeketi hapa mbele. Chini ya nguo yake ya msiba kuna kinasa cha mapigo kilichobandikwa jana. Kinaandika hata sasa, wakati haya yanasomwa. Kitatolewa kesho, Jumatano, saa tatu asubuhi, na hakuna ajuaye kitasema nini. Familia inamwomba kila aliyewahi kuanguka akajinyamazia amfuate Oddny leo, kabla hajatoka makaburini.

Bwana ampe Torgeir pumziko, na kesho saa tatu awe karibu na binti yake.