Bibi Limbong na Kahawa ya Mgonjwa Wake

Wasikilizaji wapendwa, Bibi Limbong ametutoka. Narudia: Bibi Limbong, mfuga nguruwe wa kule mlimani, mjane wa mzee Limbong, ametutoka. Na leo mtangazaji wenu ana hasira.

Mumewe alipokata roho alilazwa chumba cha nyuma, kama ilivyo desturi yetu sisi Watoraja, watu wa mlimani. Kwetu, mtu ambaye hajafanyiwa karamu ya mazishi hajafa. Ni mgonjwa. Basi kila asubuhi bibi alimpelekea kahawa, akamtandikia upya, akamsimulia nani kagombana na nani sokoni.

Mwaka ule ule daktari akamwambia bibi kuwa moyo wake hautafika mavuno.

"Mwanangu," bibi akamjibu, "nina mgonjwa nyumbani. Nafasi ya kufa sina."

Mavuno yakaja, yakapita. Yakaja mengine. Moyo mbovu ule ule, kikombe mkononi.

Yuliana, bintiye, akaona mama anateseka. "Mama, unajichosha bure."

"Nikilala mimi, nani atamhudumia baba yako? Wewe unayeunguza hata maji?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yuliana na kaka yake walikosea kwa upande wa pili: mzigo wa mama yao waliuona jiwe, kumbe ndio uliomsimamisha. Wakaharakisha karamu, wakachinja nyati, wakamzika baba. Nguruwe wa mama nao wakawauza. Kisha mama wakamhamishia mjini Makassar, kwenye kochi, mbele ya runinga.

"Nipeni hata kifaranga nilishe," aliomba.

"Mama, pumzika!"

Pumzika, pumzika! Inakera, jamani. Akapumzika kweli. Akaacha kula, akageukia ukutani. Moyo ulioshinda mavuno mawili ukashindwa na kochi.

Sasa amerudishwa mlimani, yuko chumba kile kile cha nyuma, mgonjwa naye, akisubiri karamu yake. Ukoo wa Limbong, poleni. Nimewagombeza, lakini nalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, mtazame mzee wako ana nini mkononi. Kabla hujampokonya kwa huruma, muulize.

Jana nilikwenda kuhani. Yuliana alikuwa anaingia chumba cha nyuma na kahawa, macho yamemvimba. Kaka yake akanyoosha mkono. "Umechoka wewe. Lete nimpelekee mimi, ukapumzike."

Yuliana akakivuta kikombe kifuani. "Nani kakuambia nataka kupumzika?"