Mji Uliozingirwa na Fremu Yake Mpya

Mheshimiwa Diwani; Baba Paroko; Mkuu wa Shule; Mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe, Bwana Valerian; wazazi na wageni waalikwa; nanyi wanangu wa kidato cha pili mnaomtazama ndafu, mbuzi wetu aliyebanikwa mzima, badala ya kunitazama mimi: Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Leo nastaafu kufundisha historia hapa Kibosho, na zawadi yenu nimeifungua mbele ya macho yenu. Mmeona nilivyopapasa ukingo wake wa kushoto. Mkadhani ni furaha. Jamani, haikuwa furaha.

Picha hii mnaijua. Padri mmoja mzee alituachia, nikaitundika darasani: mji wa Ulaya uliozingirwa na maadui, umechongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa karatasini, enzi ambazo kamera haikujulikana. Ilikuwa ndefu kuliko dawati. Kulia mahema na mizinga. Katikati ukuta na moshi. Kushoto kabisa, mlango mdogo wa mtoni na watu wadogo kama punje za ulezi. Nani kati yenu hakuambiwa asogee awatafute? Anaeli, ambaye leo umekaa pale ukiwa mzazi, ndiwe uliyemwona mama mwenye mtungi begani, ukapiga kelele, "Mwalimu, huyu anatoroka au anarudi?" Tukabishana kipindi kizima. Mwenzako akakumbuka alivyosimuliwa na bibi yake kuhusu watu wa huku kujificha mahandakini na ng'ombe wao, wakati wa vita vya mamangi, watawala wetu wa zamani. Siku hiyo chaki sikuigusa.

Sasa itazameni. Fremu ya dhahabu, kioo kinang'aa. Kamati mmehangaika, nashukuru. Lakini picha iliizidi fremu, na fundi kule mjini akauliza akate wapi. Bwana Valerian, umeniambia sasa hivi, bila hila yoyote: "Tulimwambia akate kushoto, Mwalimu, mizinga isiguswe. Kule hakukuwa na kitu."

Hakukuwa na kitu! Na kipande chenyewe? Kimefagiliwa.

Valerian, nilikufundisha mimi, ndiyo maana inaniuma. Ndafu mmemleta mzima, na majani mdomoni, kwa kuwa hapa kwetu hakuna anayethubutu kumleta mbele ya wageni amepungua mguu. Picha je? Miaka yote ile nilidhani nafundisha habari za watu, kumbe wengine mliondoka na mizinga tu? Nasikitika, wala sitaficha.

Zawadi sirudishi, sina utovu huo wa adabu. Ila nyumbani siendi nayo. Mkuu wa Shule, naomba irudi ukutani palepale, na kushoto kwake pabaki wazi, pasitundikwe kalenda wala ratiba. Anaeli, binti yako ameanza kidato cha kwanza. Mlete, umwonyeshe kwa kidole pale penye ukuta mtupu, umwambie alisimama mama na mtungi wake, na mpaka leo hatujui kama alikuwa anatoroka au anarudi.

Nimesema yaliyonijaa moyoni, nanyi mmenivumilia, Mungu awabariki. Valerian mwanangu, usiinamishe kichwa. Njoo tumkate ndafu. Kisu shika wewe, lakini pa kukata nitakuonyesha mimi.